Motokaa ya Ambrosi wa Ntalikwa

Benchi letu liko mtaani Isevya, ubao mmoja wa mninga juu ya mataruma mawili ya reli, umeegemea ukuta wa kibanda changu cha cherehani. Mwenye birika la kahawa ni Humaidi, ambaye babu yake alitoka Omani kufuata biashara. Sisi tunamwita Buni. Ngollo alikuwa gadi wa treni miaka kumi na tisa, amestaafu, lakini bado ni Gadi. Modest aliendesha malori ya jeshi vitani Bama, kupigana na Wajapani, basi na yeye ni Bama. Mimi naitwa Sindano. Siku ninayoisimulia ilikuwa Ijumaa, mwaka wa hamsini na nne, alasiri imekwisha kusaliwa, na ilikuwa siku ya tano tangu tumzike Ambrosi, kijana aliyetumbukia korongoni na motokaa yake, njia ya Ntalikwa. Chini ya dirisha langu ardhi ilikuwa bado nyeusi kwa oili yake.

— Kahawa yako leo chungu, — Gadi alisema.

— Si kahawa, — Buni akajibu. — Ni mdomo wako.

Siku nyingine tungecheka.

— Mimi nimeshafikiri, — Gadi akaendelea. — Kosa ni la ile njia. Pale korongoni ilipita misafara ya pembe za ndovu. Mpagazi akishindwa na mzigo anaachwa palepale, hana kaburi, hana jina. Sasa kijana anakuja mbio na motokaa. Wale wakamshika gurudumu.

— Malori ya tumbaku yanapita pale kila siku. Mbona hawayashiki?

— Malori yanakwenda polepole. Wanayatazama tu.

— Na msafara wenyewe ulikuwa wa nani? Maliza basi. Unataka kusema wa babu yangu.

— Sijamtaja mtu, Buni.

— Umenitazama.

— Nimetazama birika.

Bama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakitazama ndani.

Nieleze kwanza habari ya motokaa yenyewe. Ambrosi alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye skuli ya ufundi, mtoto wa mzee Tobias, mkulima wa kijiji cha Ntalikwa. Likizo moja alikwenda kwa mjomba wake Igalula, na nyuma ya stesheni, bandani, akaikuta. Ilikuwa motokaa ya mashindano, viti viwili tu, pua ndefu, paa la turubai. Mzungu mmoja mchimba visima aliiacha pale alipougua na kurudishwa kwao. Kuku walikuwa wanataga juu ya viti. Karani wa mizigo alitaka banda lake. Akamwambia kijana, iondoe, iwe yako. Ambrosi akaazima ng'ombe wanne wa mjomba, akaivuta siku tatu mpaka chini ya dirisha langu.

Mwanafunzi hana kitu. Kila kilichopungua alikitafuta au alikitengeneza. Sakafu ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa, akachonga nyingine kwa mninga. Gasketi alizikata kwenye maboksi ya sabuni. Turubai na viti nilimshonea mimi, kwa hema kuukuu la jeshi, nikavijaza usufi, na yeye akanitengenezea cherehani yangu iliyokuwa inaruka nyuzi. Kila Jumamosi na kila likizo, mwaka mzima na nusu, tulimwona miguu tu, mwili wote uko chini ya motokaa, nasi tuko benchini tunampa mashauri asiyoyaomba. Injini ya Mzungu ilikuwa imeshikana kabisa. Akaitoa, akaweka ya lori dogo la jeshi lililokuwa linaozea porini. Akaongeza majani ya springi ili iinuke juu ya mchanga wa barabara zetu. Siku ilipowaka tulisimama wote, Buni akamwaga kahawa.

Sasa ilikuwa na nguvu mara mbili ya zile ilizozaliwa nazo, ila breki zilibaki zile zile. Zilikuwa breki za waya, na waya wenyewe ulikuwa umekatika. Bama akauunga kwa waya wa simu. Tulimwona akikanyaga pedali, tukaona waya unavyovutika, na tukamsikia akisema, "Inatosha." Wiki moja kabla ya kifo, Ambrosi alitaka kusimama hapa benchini, akapita, akaenda kusimama kwenye ukuta wa jirani hatua ishirini mbele. Tulicheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka.

Nimesema hayo mapema ili ujue kwamba siku ile benchini hakuna aliyekuwa anatafuta sababu. Tulikuwa tunaikimbia.

— Haya, tuache njia, — Buni alisema. — Tuseme motokaa. Kwa nini Mzungu aache mali kama ile? Hata ukiugua, unauza. Yeye aliiacha kwa kuwa humo alikufa mtu.

— Nani alikufa?

— Mke wake. Nimesikia alikuwa na mke, baadaye hakuonekana.

— Alirudi kwao Ulaya.

— Ulimpakia treni wewe?

— Mimi ndiye niliyekuwa gadi! Nilimfungia mlango wa behewa kwa mkono wangu.

— Basi labda alikufa mwingine.

— Buni, kuku wametaga humo miaka minne. Hata kuku mmoja hakufa.

— Kuku hana kasi, — Buni akasema kwa hasira.

Nikajitia na mimi, maana kunyamaza kulikuwa kunaniuma zaidi.

— Labda ni ile injini ya jeshi. Lori lile lilitoka vitani. Kitu kilichotoka vitani hakisahau.

— Sawasawa! — Gadi akadaka. — Hebu nikwambie jingine. Motokaa za Waingereza za mashindano zina chuma kidogo kimefichwa, hukioni. Ukizidi mwendo fulani kinasikiliza. Kikisikia anayeendesha si Mwingereza, kinafunga usukani.

— Kinasikiliza nini?

— Mapigo ya moyo. Moyo wa Mzungu hupiga vingine.

— Nani kakwambia?

— Dereva mmoja wa Dodoma.

— Huyo naye alikuwa amekunywa nini?

Ndipo Bama akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndevu hakunyoa tangu mazishi.

— Mnazunguka bure, — alisema. — Ni baba yake.

— Mzee Tobias?

— Aligombana naye. Ntalikwa nzima walisikia. Alitaka mtoto amalize masomo awe mwalimu wa ufundi, mtoto yuko chini ya mabati. Akamwambia, "Hilo dude lako litakuua, na mimi sitalia." Mzazi akishatamka, kuna breki gani itakayozuia?

Gadi alitikisa kichwa polepole. Buni akasema, "Laa ilaha." Na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi kifua kinapungua uzito. Ilikuwa sababu nzuri. Ilimtosha kila mtu pale.

— Shikamooni.

Tuligeuka. Alikuwa Getruda, dada yake Ambrosi, amesimama kwenye pembe ya ukuta, kanga nyeusi begani, kapu mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

— Marahaba, mwanangu, — nilisema. — Pole. Poleni sana. Karibu ukae.

— Nimeshapoa, baba. Nimefuata spana zake na madaftari. Mama alisema viko kwako.

Niliingia ndani kuvikusanya. Niliporudi alikuwa bado amesimama. Buni alimmiminia kikombe, akakipokea, hakunywa.

— Mzee hajambo? — Gadi aliuliza.

— Hapana, si mzima. Hali kitu tangu Jumatatu. — Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga. — Maneno kama hayo uliyosema, baba Modest, yalifika Ntalikwa siku ya tatu. Mtu wa gulioni aliyaleta. Baba anayarudia mwenyewe. Anasema, "Nilimwambia litamuua, likamuua." Padri amekuja mara mbili, amemwambia Mungu hafanyi kazi hivyo. Hamsikii. Juzi alishika kamba ajinyonge, tukamnyang'anya.

Bama aliweka kikombe chini. Kiligonga ubao, kikalala.

— Kaka alikuwa anakuja kupatana naye, — Getruda aliendelea. — Aliniambia kanisani, huku mjini. Alisema, "Leo baba atapanda, nitamzungusha kijiji kizima." Tulikuwa tumeshapika.

— Mungu amlaze pema, — Gadi alisema.

— Nina neno moja nataka kuwauliza, halafu niende, maana jua linashuka. Mama muuza vitumbua wa hapo mbele amenieleza kwamba Jumapili kaka alisimamisha hapa, hakuzima injini, akawaita. Kila mmoja kwa jina lake. Akasema twendeni Ntalikwa mkale.

— Ni kweli, alituita, — nilisema.

— Motokaa ilikuwa na viti viwili. Nyinyi ni wanne, mlikuwa mnaitazama ikitengenezwa tangu siku ya kwanza. Kwa nini hakupanda hata mmoja?

Nakumbuka vizuri tulivyosema Jumapili ile. Gadi alisema goti linamsumbua. Buni alisema ana maji motoni. Mimi nilisema nina suti ya arusi, na mimi sishoni Jumapili, Ambrosi alijua sishoni Jumapili. Bama alimwambia, "Safari ya pili nitapanda." Kijana alitutazama mmoja mmoja, akacheka, akasema, "Wazee waoga nyie," akaondoka. Aliyatia maneno yetu kwenye mzaha ili tusione haya.

Buni aliokota kikombe cha Bama, akakifuta, akakifuta tena. Getruda alisubiri. Hakuwa na hasira usoni. Alitaka jibu kweli, apeleke nyumbani. Alipoona halipo, alichukua kapu, akatia spana juu ya madaftari, akasema, "Haya, kwaherini," akaanza kuondoka.

Alikuwa amefika barabarani Bama aliposimama.

— Getruda.

Akageuka.

— Ule waya wa breki niliuunga mimi, — Bama alisema. — Niliona hautashika. Nilijua siku ileile. Nimeendesha malori miaka mitano, najua breki. Niliona aibu kumwambia sijui kuutengeneza, wakati ameniita fundi mbele ya watu. Nikasema inatosha. Ndiyo maana sikupanda.

Yule binti alihamishia kapu mkono wa pili.

— Njoo umwambie baba, — alisema.

Nikachukua kofia yangu, nikawafuata. Buni alibaki na birika. Gadi alianza kutaja goti lake, akaacha katikati, na hakuinuka.

Tulitembea saa moja na zaidi. Pale korongoni motokaa ilikuwa bado imelala, pua chini, magurudumu juu, na mtu alikuwa ameshang'oa viti nilivyoshona. Getruda alipita bila kugeuza kichwa. Bama alisimama kidogo, akatazama chini, midomo inacheza, kisha akatukimbilia.

Mzee Tobias alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, shati limemning'inia. Bama hakukaa. Alivua kofia akasema yote, kuanzia waya wa simu mpaka safari ya pili. Hakujitetea popote. Mzee alisikiliza akitazama magoti yake.

— Kwa hiyo haikuwa kauli yangu, — alisema mwishowe.

— Haikuwa, mzee. Ilikuwa breki.

— Na ulijua.

— Nilijua.

— Wengine je?

Bama hakunitazama. Angeweza kunyamaza, nami ningeweza. Nikasema:

— Tulijua sote, mzee. Tulimwona akishindwa kusimama. Tulicheka.

Mzee Tobias aliinua uso. Nilitarajia atupige, na nadhani Bama alitamani hivyo. Lakini alimwita Getruda, akamwambia amletee uji. Alikunywa taratibu mpaka nusu ya bakuli, sisi tumesimama tu. Mama yake Ambrosi alikuwa mlangoni, analia bila sauti kwa sababu mume wake anakunywa.

— Umenitoa kwenye shimo, — mzee alimwambia Bama. — Ahsante kwa hilo. Sasa nendeni, na msikanyage tena hapa kwangu. Hata siku nikifa.

— Tumesikia, mzee, — Bama alisema.

Getruda alitusindikiza mpaka mwisho wa shamba la karanga, kama desturi inavyotaka kwa mgeni yeyote. Tulipofika kwenye mpaka alisimama, akatushika mkono, mmoja baada ya mwingine, akasema:

— Asanteni kwa kuja.

Bama alivaa kofia yake. Tukarudi Isevya, yeye mbele, mimi nyuma.