Bi Mwanatumu na Kamera Isiyo na Kioo Nyuma

Mimi Husni Muhdhar, ambaye bila mimi Lamu isingelijulikana sura yake hata Mombasa, nimeombwa niandike maneno haya, na wangemwomba nani mwingine? Bi Mwanatumu Abdulkadir amestaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika Studio ya Sura Njema, hapa Langoni. Kazi tuligawana. Mimi nilikaa mbele, nakata picha za pasipoti na kuuza fremu. Yeye aliingia pasipoingia mwanamume: kwenye kutolewa bibi arusi, anapoonyeshwa amepambwa, wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa.

Picha hizo mimi sijaona hata moja. Alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, akazitia bahasha, akazipeleka kwa mkono wake. Haikutoroka hata moja, Alhamdulillahi.

Kamera yake ilikuwa ya filamu, ndogo, ya chuma, yenye kidirisha pembeni cha kuchungulia. Ndani ya kidirisha unamwona mtu wawili, mmoja kama kivuli cha mwenziwe. Unazungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unapiga. Siku moja ilitumbukia baharini pale gatini. Niliizamia, na filamu iliposafishwa ilikuwa na picha ya samaki aitwaye changu, ametulia, hakutikisika. Wanaobisha hawakuwako.

Filamu zikaadimika. Ndipo wapenda kamera walipoanza kukaa barazani petu kila jioni kubishana: kamera ya dijitali ya kidirisha, iliyo kamili, iweje? Mwalimu Phineas, mtu wa bara, alitaka inayoona gizani kama paka. Nerea, muuguzi, alitaka iwe nyepesi, na betri isiyokata roho katikati ya shughuli. Mimi nilitaka yenye jina kubwa. Bi Mwanatumu alijibu kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Nataka kidirisha changu kile kile. Namba za kuzungusha kwa kidole. Mlio usiamshe mtoto. Isizungumze na simu ya mtu. Na kile kioo cha nyuma cha kuonyesha picha kisiwepo."

Phineas akacheka. "Bi, dijitali bila kioo? Utajuaje kama picha imetoka?"

"Mwalimu, miaka yote hii nimejuaje? Kioo kikiwaka, wanawake watakizunguka, mmoja atakipiga picha kwa simu, na mtoto wa watu atazunguka Facebook kabla hajafika kwa mumewe."

Nikamwambia Phineas, "Meza hiyo, Ticha, na maji juu yake."

Mwaka jana Phineas akapata mtumba wa kamera iliyokaribia maneno hayo. Kioo kilikuwako, nami nikakifunika kwa ngozi na gundi, kazi ambayo mafundi wa Ulaya wangelipa kiingilio kuitazama. Bi Mwanatumu akaishika, akaizungusha, akasema, "Hii ndiyo." Sijapata kumwona na furaha ile.

Ikaja harusi ya Rumaisa, kule Mkomani. Asubuhi ya pili yake Bi Mwanatumu alijifungia na Razan, binti wa ndugu yangu ambaye Bi anamfundisha kazi, wakafungua picha kwenye kompyuta. Kisha Razan akatoka analia. "Ami, zote zimetoka ukungu, hakuna uso unaosomeka."

Kamera ilikuwa nzima. Ni macho ya Bi. Presha ya macho ilikuwa ikimla polepole, naye kidirishani akiona mmoja pale palipo na wawili. Na kwa kuwa kioo kimefunikwa, hakuna aliyejua mpaka shughuli imekwisha na maua yamenyauka.

Alikwenda mwenyewe kwa mamake Rumaisa, wala hakuisingizia kamera. Yule mama akamwambia, "Tutampamba tena, Bi." Akajibu, "Bibi arusi hatolewi mara mbili, mwanangu. Niwieni radhi." Akarudi, akamkabidhi Razan kamera, akaketi nyuma ya pazia lake.

Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Lakini wanawake wa Mkomani wameshaanza kumwita Razan, na sharti lao ni moja tu: ile ngozi isibanduliwe.

Bi Mwanatumu, umetunza nyuso za watu, nasi tumeshindwa kukutunzia macho yako. Ahsante. Mola akupe wepesi na siku za raha huko Kizingitini kwa mwanao.

Mtauliza mbona karatasi hii ina jina lake na haina picha. Nilisema nitampiga picha mimi, kwa kamera ile ile, kwa heshima. Nilimkalisha, nikachungulia, wawili wakawa mmoja, nikapiga. Alipokwisha panda boti ndipo Razan akafungua, akakuta weusi mtupu. Kumbe kidirisha kile hakipitii kwenye lenzi, na mtu anaweza kuona kila kitu vizuri sana ilhali hajatoa kifuniko.