Mama Germaine Iko ku Page ya Kumi na Mbili

Mu taxi-bus ya Makomeno, mbele yangu, kijana mwenye badge ya projet ya maji, Précieux, alikuwa anaonyesha mama mumoja wa Lukafu kitabu kipya, kingali na harufu ya imprimerie.

"Mama Germaine, ona picha yako, page ya kumi na mbili! Ba bailleurs ba Bulaya, benye kutoa makuta, banataka kusikia sauti ya benyeji. Njo maana tunaenda ku atelier, ku ule mukutano wa hoteli."

Mama akavaa miwani pole pole. "Na haya maneno chini ya picha?"

"Iko yako, mama. 'Sisi benyeji tulichagua fasi ya pompe ya maji, na tunashukuru sana.'"

"Nilisema vile siku gani?"

"Utasema leo."

Kazi ya haraka kabisa. Hata manabii, balingojewa kwanza baseme, njo baandikwe.

"Lakini ile fasi, mvua ikinyesha, maji inaifunika yote," mama akasema. "Hata mutoto wa Lukafu anajua. Muliweka pompe pale, sasa tunakunywa matope. Hii njo nilikuja kusema."

"Kuko dakika tano ya maulizo, mama, nyuma ya kula."

"Na bazungu batakuwa bangali pale?"

"Ah, benyewe beko na avion ya kupanda."

Taxi-bus ikasimama mbele ya hoteli. Précieux akashuka, akamunyooshea mama mukono. Mama akamurudishia kitabu, akakaa vizuri mu kiti.

"Enda tu, mutoto yangu. Mimi si niliisha kusema?"