Braki ya Bi Nóra Haikatwi Kijiweni

Benchi letu liko ubavuni mwa jengo lililokuwa benki, hapa Drumlahan, linatazamana na mlango wa kijani wa Bi Nóra Geraghty. Benki ilifungwa, mameneja wakahama, benchi likabaki na sisi. Jumamosi saa tano asubuhi utatukuta wote. Kuna Profesa, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini bila kuingia darasani hata siku moja kwa hiari yake. Kuna Askofu, mtunza funguo za kanisa, hajaoa na hataki kuulizwa. Kuna Kiberiti, mfupi, anawaka kabla hujamgusa. Halafu kuna mimi, Cathal, kijiweni Meya, fundi matairi bora kaunti nzima, na anayebisha akaangalie gari lake linavyoyumba. Chai ni ya Askofu, anakuja nayo kwenye chupa. Jumamosi ile ya mwisho wa Oktoba mimi nilikuja na kitu kimefungwa kwenye taulo la jikoni, bado kina uvuguvugu.

— Umeiba mtoto wa nani? akauliza Kiberiti.

— Braki, nikasema, mkate wa zabibu. Nimeoka mwenyewe.

Profesa akateremsha gazeti.

— We dogo, wewe ambaye yai la kuchemsha unaliunguza?

— Wazee, heshima. Zabibu nimeziloweka usiku kucha kwenye chai baridi, sukari ya kahawia humo humo, asubuhi yai, unga, mdalasini, oveni. Mkono huu umezaliwa kwa kazi hiyo, basi tu matairi yaliuwahi.

Sikuwaambia kwamba ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliwapa kuku wa jirani, wakaizunguka wakaenda zao.

— Ni ya nani? akauliza Askofu, kisu kimeshatoka mfukoni.

— Rudisha hicho kisu. Ni ya Bi Nóra.

Askofu akakirudisha. Miaka ishirini na sita Bi Nóra alivuka barabara hii kila Jumamosi na braki nzima, vipande vinene, siagi juu nene kuliko mkate, akaiweka kwenye benchi akaondoka. Februari aliteleza kwenye barafu, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika vibaya, na mpaka leo hawezi kukoroga kitu kizito kuliko chai. Tangu hapo tunakula biskuti za dukani kama watu waliofiwa.

Mimi nina langu zaidi. Nilipoacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, baba alininunia, na mji mzima ukanipita kama kinyesi cha ng'ombe barabarani. Bi Nóra ndiye aliyegonga dirisha lake, akaniita, akanipa kipande. Akasema, “Kula. Mengine yatasubiri.” Wiki ile ile akaenda mwenyewe gereji, akasimama mbele ya tajiri mpaka akanipa kazi. Sijawahi kumwambia asante. Maneno ninayo gunia zima, mnanijua, lakini hilo moja halimo. Kwa hiyo nikasema braki itanisemea.

— Tatizo, nikawaambia, sijui ndani imeiva au la. Oveni ya nyumbani ina hila. Nje iko kama picha ya kalenda. Ndani, Mungu anajua.

— Kata uone, akasema Kiberiti. Mficha uchi hazai.

— Nipeleke braki iliyokatwa? Ni sawa na kumwambia nimeshashiba, haya shika makombo.

— Kweli hiyo, akasema Askofu. Mama yangu alimrudisha shangazi getini kwa sababu hiyo, wakanuniana mpaka mazishi.

— Basi igonge chini, akasema Profesa. Debe tupu haliachi kuvuma. Mkate ukivuma kama debe, umeiva. Wahenga walikuwa wanaongelea mikate hao.

Akagonga. Sote tukainamisha masikio kwenye taulo.

— Imevuma, akasema Profesa.

— Imeguna, akasema Kiberiti.

— Mimi nimesikia tumbo la Profesa, akasema Askofu. Tuipime uzito. Kibichi ni kizito. Kanisani kuna mzani wa mishumaa.

— Utailinganisha na nini, nikamuuliza, na mshumaa ulioiva?

— Nilete sindano ya kufumia ya mke wangu, akasema Kiberiti. Unatoboa kwa chini, ukichomoa kavu, umefaulu.

— Halafu aione ina tundu kama tairi? Mimi ni fundi wa kuziba matundu, siendi kwake na tundu.

— Basi mtoni, akasema Kiberiti. Kilichoiva kinaelea. Kibichi kinazama.

— Na kikizama?

— Utakuwa umeshajua.

Profesa akakunja gazeti, dalili mbaya.

— Sikilizeni watu wenye akili. Daktari wa mifugo ana mashine ya kupiga picha ndani ya ng'ombe. Aliona ndama wawili ndani ya yule ng'ombe mwekundu wa Tuohy mfugaji. Atashindwaje kuona unga?

— Atatuuliza mimba ina miezi mingapi, akasema Kiberiti.

— Halafu dogo, akasema Askofu kwa sauti ya chini, pete umeweka ndani ya mkate? Maana huu ni msimu wake.

— Sikuweka.

— Afadhali. Mimi niliipata pete kwenye braki ya Halloween nilipokuwa na miaka ishirini na nne. Wakasema ndani ya mwaka nitaoa. Nasubiri.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Kiberiti. Wewe umevumilia mpaka umeoza.

Walikuwa wanajibizana hivyo, mkate umeshapita mikono minne, mmoja ananusa, mwingine anautikisa sikioni kama zawadi ya Krismasi, mimi natokwa jasho mgongoni na baridi yote ile, ndipo akatokea dada mpya wa posta. Jina lake Ita, alikuwa na wiki moja tu hapa mjini. Akasimamisha baiskeli, akasikiliza habari yote kutoka mwanzo, maana Profesa hawezi kufupisha. Akatazama mlango wa kijani.

— Kwani huyo bibi anapenda zabibu?

Kiberiti akamtazama Profesa, Profesa akanitazama mimi.

— Mmekula mkate wake miaka mingapi? akauliza Ita.

— Ishirini na sita, akasema Profesa.

— Mmewahi kumwona akila?

Askofu akatazama ndani ya kikombe chake.

— Alikuwa anaondoka, akasema. Alikuwa anaweka, anaondoka.

— Na hakuna aliyemwambia akae?

Ita hakuwa anatusuta, alikuwa anauliza tu, ndiyo maana iliuma. Akapanda baiskeli akaenda na barua zake. Mimi nikachukua mkate wangu kutoka kwapani mwa Kiberiti, nikavuka barabara.

Bi Nóra akafungua kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nzuri, yenye vichekesho. Ikayeyuka yote.

— Bi Nóra, unapenda zabibu?

Akaangalia taulo, akaangalia mimi.

— Napenda braki ambayo sikuioka mimi, Cathal. Ila sijawahi kuletewa.

— Nimekuletea. Labda ndani ni mbichi. Na asante.

— Asante ya nini?

— Ya Jumamosi zote.

Bi Nóra akachungulia nyuma ya bega langu. Kule ng'ambo wale watatu walikuwa wamesimama, shingo zimenyooka kama bata walioona mtu na ndoo. Akawapungia mkono kwa adabu kabisa, akanivuta ndani, akafunga mlango.

Kisu nilishika mimi, kwa sababu ya mkono wake. Katikati kulikuwa na mstari mbichi, upana wa kidole, unang'aa. Nikasema samahani. Akasukuma sahani ya siagi upande wangu, akaniambia nipake mpaka pembeni, nisimfanyie ubahili kwake mwenyewe. Akala kipande chote, mstari na yote, taratibu, ameketi.

— Kata kingine, akasema.