Dawa ya Udongo wa Migombani

KEMUMA: Haloo? Namba siijui, nani anaongea?

NYABUTO: Ni mimi babako. Simu yangu imezima, hii ni ya mtu hapa wodini.

KEMUMA: Wodini? Tata, uko wapi?

NYABUTO: Kisii. Nimemleta mamako. Sikia, ile dawa yako—

KEMUMA: Mama ana nini?

NYABUTO: Ile uliyotoa kwa udongo wa migombani kwetu. Ulisema inaua virusi.

KEMUMA: Tata! Mama ana nini?

NYABUTO: Daktari anasema ni virusi. Nikamwambia msichana wangu yuko maabara Nairobi, hiyo kitu ameipata. Weka kwa chupa, upatie gari ya mchana—

KEMUMA: Virusi gani?

NYABUTO: Ya mbwa.

KEMUMA: Kichaa cha mbwa? Aliumwa lini?

NYABUTO: Kitambo, akienda kuchuma chai. Kidonda kikapona kabisa, hata alama huoni.

KEMUMA: Alidungwa sindano?

NYABUTO: Nimesema kilipona.

KEMUMA: Na sasa... maji anakunywa?

NYABUTO: [mikwaruzo ya simu]

KEMUMA: Tata, anakunywa maji?

NYABUTO: Akiona kikombe anapiga nduru. Wamemfunga mikono na shuka. Mamako, Persis wangu, mtu mpole hivyo.

KEMUMA: Woi. Woi, mama.

NYABUTO: Usilie. Tuma dawa.

KEMUMA: Haiwezi kumsaidia. Wale bakteria wa udongo wana virusi vyao vinavyowashambulia. Hiyo dawa wanaitengeneza kujikinga wao wenyewe.

NYABUTO: Si virusi ni virusi?

KEMUMA: Hapana, Tata. Na hii ya mbwa ikishafika kwa ubongo—

NYABUTO: Kidudu hata macho hayakioni, kina dawa yake. Na mtu je?

KEMUMA: Ya mtu ilikuwa ile sinda—

NYABUTO: Ilikuwa nini?

KEMUMA: Hakuna. Network inasumbua.

NYABUTO: Ilikuwa nini, Kemuma?

KEMUMA: Waambie wampe ya kumtuliza. Kaa karibu naye.

NYABUTO: Ametulia kidogo. Anauliza naongea na nani.

KEMUMA: Mwambie ni mimi. Nakuja, natoka saa hii.

NYABUTO: Nimwambie unakuja na dawa?

KEMUMA: Niko kwa mlango tayari, Tata.

NYABUTO: Hii simu inalia, kredo inaisha. Ananiangalia. Nimwambie—

KEMUMA: Mwambie ndiyo.

NYABUTO: Umesemaje? Sijasikia. Haloo? Kemu—