Reli ya Mlimani na Reli ya Mtoni

Mheshimiwa Bwana Shauri, Mheshimiwa Liwali, Bwana Mkuu wa Stesheni, Bwana Gregori Katibu wa Kamati ya Jumba hili, wazee wangu, mama zangu, nanyi wenzangu mliokaa chini kwa kukosa viti: wakubwa wote shikamooni.

Naitwa Hajira binti Mdoe. Nimemaliza darasa la nane mwaka huu. Nimepewa dakika tano nimuage Mzee Matayo Semboja, fundi wa simu za reli hapa Korogwe, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja. Karatasi niliyoandikiwa ninayo mkononi, lakini sitaisoma. Mniwie radhi. Nikiisoma nitakuwa nimesema uongo mbele ya watu wazima.

Meza hii mnaiona, na reli ndogo inayoizunguka kama yai, na gari la moshi dogo ambalo Mzee aliachiwa na injinia mmoja aliyerudi kwao. Umeme unatoka kwenye betri ya lori na kupita chini ya meza katika nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, kisha unapanda juu kwenye vitundu, kila waya kwa reli yake. Nyaya hizo zikikutana kwenye reli moja, fyuzi inaungua. Ni nani hapa asiyejua yaliyotokea Jumatano? Kamati ilikuja kutazama, swichi ikawashwa, moshi ukatoka, nao haukuwa wa gari. Bwana Gregori akasema, "Mzee, macho yamechoka. Waya si kamba ya katani!" Watu wakacheka. Mzee Matayo akajibu tu, "Huenda, bwana." Kesho yake tukasikia kwamba darasa la umeme la vijana, aliloahidiwa kulifundisha humu baada ya kustaafu, atapewa mtu mwingine.

Nawauliza, ni nani aliyelala chali chini ya meza hii kwa wiki tatu? Je, mzee mwenye kiuno kibovu angeingia humo? Niliingia mimi. Mama Bernadina anayetupikia chai alinipa jina, Fundi wa Mvunguni.

Tulikuwa tunagombana. Mzee anauliza kutoka juu, "Umefunga reli gani?"

"Ya kushoto, mzee."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu! Lakini nimelala chali, sijui tena kushoto ni wapi!"

Mama Bernadina akasema, "Mnajenga reli au mnaachana?"

Ndipo nikatoa shauri ambalo nililiona la akili sana. Nilisema, tuache kulia na kushoto. Reli iliyo upande wa milima tuiite ya Mlimani, iliyo upande wa mto tuiite ya Mtoni. Mwekundu Mlimani, mweusi Mtoni. Mzee alicheka, akakubali, lakini akanionya: "Binti, ifuate reli kwa kidole. Usifuate jina."

Mimi nilifuata jina. Nilifunga upande huu, nikatambaa hadi upande wa pili, nikafunga vilevile, mwekundu Mlimani, mweusi Mtoni. Sikufikiri kwamba reli inazunguka. Ile iliyo Mlimani huku, ikishapinda na kufika kule, ndiyo iliyo upande wa mto. Basi kila reli nikaipa mwekundu na mweusi. Hilo ni kosa la mikono yangu, si la macho ya mtu.

Juzi nililigundua mwenyewe, nikakimbia kwake Korogwe ya Zamani kumwambia. Akasema, "Nilijua tangu Jumatano."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Ningesema mbele ya wale mabwana, ungeshika waya tena?" Kisha akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Mimi naondoka, wewe ndiyo kwanza unaanza."

Mzee wangu, leo nimekukosea adabu, sikunyamaza. Ningewezaje kula pilau ya kukuaga huku jina lako limebeba kosa langu?

Jana nilizifungua nyaya zote za upande wa pili na kuzifunga upya, safari hii kidole kikiwa juu ya reli. Fyuzi mpya imefika asubuhi hii kwa treni ya Tanga. Haijajaribiwa. Sijui kama itashika.

Bwana Gregori, kwa heshima, nakuomba uje uwashe swichi kwa mkono wako. Gari likizunguka, mrudishieni mwalimu darasa lake. Fyuzi ikiungua, andikeni kosa kwa jina langu, Hajira binti Mdoe, kisha mrudishieni darasa lake vilevile, maana itakuwa imeonekana wazi kwamba mimi bado nahitaji kufundishwa, na sitaki kufundishwa na mwingine.

Nawashukuru nyote mlionivumilia mkanisikiliza hadi mwisho. Karibu mezani, Bwana Gregori.