Mama Shingo na Nafasi Mbili za Utafiti

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Shingo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa baba fundi cherehani na mama aliyeficha rovu lake, uvimbe wa shingoni, chini ya mtandio hata jua likiwaka. Alipouliza kwa nini mama hatibiwi, aliambiwa hayo ni mambo ya ukoo, anyamaze. Kunyamaza hakukuwa fani yake.

Alisomea udaktari kuanzia 1978 hadi 1984, kisha akabobea katika magonjwa ya homoni. Aliomba mwaka mmoja tu wa kufanya utafiti, akajibiwa kwamba wodi haina watu. Kwa hiyo alipopewa ukuu wa idara mwaka 1999, jambo la kwanza alilolipigania lilikuwa nafasi mbili za mafunzo ya utafiti kwa madaktari vijana wanaosomea ubingwa huo. Kila mwaka uongozi ulitaka vijana hao warudishwe wodini, na kila mwaka alibeba chupa yake ya chai akaenda kukaa ofisini kwa mkuu wa hospitali mpaka wakaelewana. "Tusipouliza wenyewe, tutaishi kwa majibu ya kuazima," alikuwa akisema.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987 na mwalimu wa hesabu. Shemeji husimulia kwamba siku ya kwanza kuonana, dada hakumtazama usoni. Alimkagua shingo, akamwambia, "Hebu meza mate kidogo."

"Nikameza," husema shemeji, "na tangu hapo nimemeza mengi."

Kila Ijumaa wanafunzi wake walijifunza kupapasa tezi kwenye shingo yake mwenyewe. Ijumaa moja ya Februari 2022, binti mmoja kati yao, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza utafiti wake, alipapasa, akasita, akarudia, kisha akainamisha kichwa.

"Mkono wako umekuta nini?" dada akamwuliza.

"Uvimbe, mwalimu. Samahani."

"Samahani ya nini? Wenzako wamepita juu yake bila habari."

Ilikuwa saratani. Upasuaji ulimpa nafuu ya miaka miwili. Ugonjwa uliporudi, binti yule alitaka kuacha utafiti aje kumwuguza, dada akamkatalia: "Wauguzi ninao. Utafiti wako una nani?" Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Imetuuma sana.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, na madaktari wote aliowalea, akiwamo binti yule, aliyekamilisha utafiti wake mwezi uliopita.

Nafasi za mwaka ujao bado hazijathibitishwa. Mkuu wa hospitali yuko nasi hapa, safu ya pili, na tunamshukuru kwa kuja. Marehemu alituagiza tusimwombe jambo hilo kaburini, maana si haki kumbana mtu msibani. Basi hatumwombi. Tumemwekea tu kiti katikati ya vijana wawili wanaosubiri jibu lake.

Pumzika kwa amani, dada.