Mkono Unapopanda

Mheshimiwa Diwani, Baba Padri, wazee wa koo zetu mlioketi mstari wa mbele, Mwalimu Mkuu na walimu wenzako, ndugu wageni mliovuka maji kutoka visiwa vya Poruma na Warraber mkalowa mpaka kwenye soksi, akina mama ambao nyama yenu ya kasa iko chini ya mawe ya moto tangu alfajiri, na ambao mmeshanitazama mara mbili kwa jicho la kuniambia nisirefushe, wachezaji wetu, wakubwa kwa wadogo, na wewe, mwenye siku, Shangazi Elsina Wapau: nawasalimu wote kwa heshima.

Mimi naitwa Obadia Gaidan. Wenyeji mnanijua. Kwa wageni niseme tu kwamba nilikuwa mpiga ngoma wa kisiwa hiki kwa miaka thelathini na sita, na kwamba miaka minne iliyopita niliacha. Nimeombwa nimuage Shangazi, ambaye Jumanne atapanda ndege kwenda mjini Cairns kukaa na binti yake, kwa sababu macho yamechoka. Tumezoea kumuaga mtu kwa kumpamba mpaka asijitambue. Mimi nitaanza na kosa lake.

Mnakumbuka kamera yake ile ilipofika? Shangazi alikuwa mhudumu wa zahanati, kijana bado, mwenye haraka na kila kitu. Sikukuu ya Julai ikaingia, timu nne zikacheza uwanjani hapa nje, watu wakaruka mpaka mchanga ukaingia kwenye vikombe vya chai. Yeye akapiga mkanda mzima, picha thelathini na sita. Mkanda ukaenda Cairns kusafishwa, ukarudi baada ya wiki tatu, kisiwa kizima tukajazana zahanati, wazima wengi kuliko wagonjwa. Tukaona nini? Watu wamesimama. Picha thelathini na sita za watu wazima wenye manyoya kichwani, miguu yote miwili mchangani, nyuso zimekunjamana.

Mdogo wangu Kemuel, aliyekuwa mrukaji wetu mkuu, akaichukua yake akaigeuza huku na huku. Akasema, "Shangazi, hapa nacheza au nangoja boti?"

"Ulikuwa unaruka, nilikuona kwa macho yangu."

"Basi kamera yako inanionea wivu."

Julai iliyofuata, yale yale. Watu wakaanza kusema kamera ni mbovu. Kamera ilikuwa nzima, ndugu zangu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini Shangazi aliambiwa, na aliyemwambia ni mimi, kijana wa miaka ishirini nisiye na adabu. Nilimwambia, "Shangazi, wewe unabonyeza ukisikia ngoma. Ngoma ikilia, mchezaji kashatua. Kishindo cha ngoma na kishindo cha miguu ni kimoja. Ukingoja usikie, umechelewa."

Akaniuliza, "Sasa nibonyeze lini?"

"Mkono wangu ukiwa juu. Mkono ukipanda, naye anapanda. Achana na wachezaji, uangalie mkono."

Hebu fikirini. Mtu amenunua kamera ili awatazame wachezaji, halafu anaambiwa awape kisogo. Wangapi kati yetu tungekubali kuelekezwa na mtoto? Yeye alikuja siku ile ile akaketi kwenye mkeka nyuma yangu, hatua tatu, na hapo hakuhama tena. Picha zote mnazoziona kwenye kuta hizi, watu wakiwa hewani kama waliosahau kwamba kuna ardhi, zilipigwa na mwanamke aliyekuwa anautazama mkono wangu wa kulia. Nasema haya kwa kujivuna, na leo mtanivumilia.

Sasa nifike penye uzito.

Miongoni mwa michezo yetu, wa kwetu hasa, wa ukoo wetu, ni ule wa Womer, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda anayewapokonya wenzake samaki huko huko angani. Ndani yake mna mruko mmoja, na katika kizazi chetu aliyeujua sawasawa alikuwa Kemuel. Miaka minne iliyopita Kemuel alikuwa anatengeneza injini ya boti, akakaa chini apumzike, na moyo wake ukasimama. Nikaivingirisha ngoma yangu katika mkeka, nikaisukuma chini ya kitanda. Picha zake tukazigeuzia ukutani, kama ilivyo desturi, mpaka siku ya kufungua jiwe la kaburi, msiba unapokwisha. Jiwe tukalifungua mwaka jana. Wengi mlikuwepo, mlikula, mlicheza. Desturi ikawa imekwisha.

Siku hiyo hiyo Shangazi alinijia na bahasha. Alisema, "Obadia, jiwe limefunguliwa. Ndani humu yumo Kemuel katika mruko wa Womer. Niliipiga mara moja tu ikatokea sawa. Niwaonyeshe vijana?"

Nikajibu, "Bado."

"Bado jiwe, au bado wewe?"

Mimi ndiye mkubwa wa familia, bila ruhusa yangu hawezi, naye anazijua taratibu kuliko mimi. Akaja tena Krismasi, nikasema bado. Akaja Pasaka, nikajifanya nimelala. Mwanamke wa miaka sabini na mbili amesimama dirishani ananiita, nami nakoroma mchana kweupe. Nilimnyima, Baba Padri, na sikuwa na sababu nyingine ila woga. Nilikuwa naogopa kumwona mdogo wangu.

Woga wangu ulikuwa na gharama, na gharama hiyo tuliiona wote Julai hii. Vijana walicheza Womer. Walijitahidi, siwalaumu, lakini walikuwa wanaruka wamekunja miguu yote miwili, wanatua kwa matako. Bibi mmoja, nisimtaje kwa kuwa ananitazama, alisema kwa sauti, "Huyo si Womer, huyo ni kuku aliyefukuzwa jikoni." Uwanja mzima ukacheka. Yosia, mwana wa Kemuel, ndiye aliyekuwa mbele.

Jioni alikuja kwangu. Hakuketi. Akasema, "Baba mkubwa, baba alikuwa anakunja mguu upi?"

Ndugu zangu, sikujua. Miaka thelathini na sita nimempigia mdogo wangu ngoma, na sikujua. Mpiga ngoma anaangalia miguu inapotua, ndipo anapojua kama yuko sawa. Ya hewani hayakuwa maeneo yangu. Nikawauliza waimbaji, nao wakabishana, huyu wa kushoto, yule wa kulia. Mruko uliotoka kwa babu wa babu zetu ulikuwa unakufa mikononi mwangu, na jibu lilikuwa kwenye bahasha ambayo mimi mwenyewe nilikataa ifunguliwe, na bahasha hiyo ilikuwa inajiandaa kupanda ndege.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Shangazi. Nikamkuta anafunga vyombo. Bahasha ilikuwa juu ya meza, peke yake.

Akasema, "Hii naifunga na sahani, au naiacha?"

Nikasema, "Nipe."

Nilimwona. Yuko juu, juu kweli, mchanga uko chini yake. Mguu wa kushoto umekunjwa nyuma ya goti la kulia. Kidevu kiko juu ya bega, anatazama chini, kama anatafuta samaki wa kuiba. Na anacheka, mpumbavu yule. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Kisha Shangazi akaweka kidole kwenye kona ya picha, chini, ambapo kulikuwa na kitu cha ukungu nilichodhani ni doa.

"Unakijua hiki?"

Kilikuwa mkono wangu. Umenyooka, vidole wazi, haujashuka.

Akasema, "Mimi sijawahi kumpiga picha Kemuel. Nilikuwa napiga picha mkono wako, naye akaingia."

Mheshimiwa Diwani, umeniandikia dakika kumi na nadhani nimezimaliza. Namalizia.

Picha ile ndiyo hiyo, mlangoni, nimeitundika mwenyewe, na Yosia na wenzake wamelala na kuamka nayo tangu Ijumaa. Shangazi, tunakushukuru kwa miaka arobaini. Tunakushukuru kwa kutunza kisichokuwa chako na kuja kukiulizia mara tatu kwa mtu aliyekuwa anajikoromesha. Vijana wanataka kukuaga kwa Womer, na wameniambia hawana mpiga ngoma. Ni waongo, wanao wawili. Lakini ngoma yangu iko hapa chini ya meza. Jana niliitoa kwenye mkeka, na ngozi nimeipasha moto asubuhi.

Daktari amesema wachezaji wakiwa upande ule wa uwanja huwaoni tena. Mimi nasema, na lini uliwatazama? Mkeka wako tumeutandika pale pale pa zamani, hatua tatu nyuma yangu, na kamera yako nimemkataza binti yako, aliyekuja kukuchukua, asiifunge. Imebaki na picha moja kwenye mkanda; nimeulizia.

Ndugu zangu, asanteni kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Akina mama, nyama inaweza kutolewa baada ya mchezo huu. Yosia na wenzako, simameni.

Shangazi, uko tayari? Naupandisha mkono.